Lori la Ganne Mbele ya Sinke

Ngano ikishaiva huku kwetu Arsi, hata mvivu huonekana ana shughuli. Mashine za kuvunia zinanguruma tangu alfajiri, madalali wanapishana simu zikiwa masikioni, na malori yanateremka kutoka Bekoji kwenda Asella na Adama yakiwa yameshiba mpaka turubai zimetuna. Katika malori yote hayo, moja tu lilikuwa na mwanamke kwenye usukani. Ni Isuzu kuukuu la buluu, mlango wa abiria umebonyea, na anayeliendesha ni Ganne, mama Rabiya, wa kijiji chetu cha Tulu Gora.

Hakuzaliwa dereva, na hakuna aliyemtaka awe dereva. Alianza kwa shemeji yake Kabato, kaka wa mumewe, ambaye alikuwa na lori tangu Ganne hajaolewa. Msimu mmoja utingo wa Kabato alitoroka katikati ya mavuno, akabaki peke yake na gari limejaa, hana wa kufunga kamba wala wa kuweka jiwe nyuma ya tairi. Ganne alikuwa amempelekea chakula.

"Nipande mimi?" akauliza.

"Wewe?" Kabato akacheka mpaka akapaliwa na maziwa. "Shemeji, huku juu ya magunia si kwenye jiko."

"Jiko lina moto. Magunia yana nini?"

Akapanda. Na alipofika juu hakushuka tena, maana msimu ulikwisha yeye bado ni utingo, na msimu uliofuata vilevile. Siku moja kule Adama, kwenye joto, homa ilimkamata Kabato akawa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akamrushia Ganne ufunguo. Ganne akalipandisha lile lori milima yote mpaka Tulu Gora, hakuzima hata mara moja, huku shemeji yake amejikunja pembeni anamwambia sasa gia ya pili, sasa achia, sasa usiogope. Toka siku hiyo Kabato alimfundisha kwa dhati. Kwenye migahawa ya chai ya Asella alikuwa akijigamba kuliko mwanafunzi mwenyewe. "Nimefundisha wanaume wengi," alisema, "wote wameishia kuunguza klachi. Huyu shemeji yangu, gari linamsikiliza."

Ganne na mumewe Abdela wakauza maksai, wakaongeza na pesa za samli, wakanunua lile Isuzu. Abdela mwenyewe hapendi magari, yanamtapisha. Alibaki na mashamba na watoto, na ukimkejeli hajali. Madereva nao wakampa Ganne jina. Wakamwita Abba Ganne, yaani Baba Ganne, kwa maana kwamba kwenye barabara yeye ni mwanamume mwenzao. Alipenda, nisimsingizie. Alikuwa akikaa nao kwenye benchi, miguu kaitanua, anapuliza chai, anatukana matuta ya Huruta pamoja nao, na mtu akimwita hivyo kwa sauti kubwa mbele ya wapakiaji kichwa chake kilipanda kidogo.

Sasa, ngano ya Tulu Gora siku zote ilikuwa inachukuliwa na Badhaso. Huyu ni mfanyabiashara wa Bekoji, ana malori mengi na tumbo la kutosha, na ulimi wake una samli. Alikuja na magari yake siku aliyotaka, na mwaka ambao hakutaka kuja mapema, ngano ilikaa ikanyeshewa. Mwaka huo chama cha wakulima kikachoka. Mwenyekiti wetu, Haji Gamada, akasimama msikitini baada ya sala akasema tunaye dereva wetu, wa kijijini, kwa nini tunamlamba miguu mtu wa mjini? Kukawa na ubishi wa kutosha. Mwisho wakakubaliana hivi: Ganne apeleke mzigo wa kwanza kwenye kinu cha unga cha Adama. Ukifika mkavu na kwa siku iliyopangwa, ngano yote ya msimu ni yake kupeleka. Usipofika, Badhaso anaitwa tena, na hakuna wa kulalamika.

"Mpeni, mpeni," Badhaso alisema alipopata habari, hana hata wasiwasi. "Mwanamke akipeleka ngano, kinuni inafika uji."

Maneno hayo yalimfikia Ganne. Usiku ule alishona turubai lake kwa sindano ya magunia, na asubuhi alisimamia upakiaji mwenyewe, gunia kwa gunia, akikataa kila lenye mshono uliolegea. Kijiji kizima kilikuja kuangalia. Wapakiaji walipomaliza akapanda juu, akakaza kamba kwa goti kama Kabato alivyomwonyesha, akateremka akafuta mikono. Haji Gamada akalisomea lori dua. Wanawake wakapiga vigelegele. Ganne akawasha gari, akaondoka hakuangalia nyuma, maana angeangalia nyuma angelia, na dereva halii mbele ya wapakiaji.

Njia panda ya Bekoji alimkuta Kabato na lori lake limejaa viazi, naye anakwenda Adama. Wakafuatana, Ganne mbele, Kabato nyuma. Nyuma ya Kabato likaingia lori jeupe la Badhaso, limebeba ngano ya vijiji vya juu, na mwenyewe Badhaso amekaa karibu na dereva, kijana wa kuajiriwa kutoka mbali. Kwenda kuuza tu, au kwenda kushuhudia Ganne akiaibika, Mungu anajua. Mimi ninajua pia, lakini niendelee.

Walipokaribia daraja, Ganne aliona barabara imejaa wanawake.

Akadhani ni msiba. Alipopunguza mwendo ndipo akaona sinke. Fimbo nyembamba, ndefu, zimelazwa kwenye lami moja baada ya nyingine kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, na nyuma yake wanawake wamekaa wengi, vichwa vinang'aa siagi, wanaimba. Akakanyaga breki. Hata angekuwa amebeba dhahabu angekanyaga. Sinke mama humpa bintiye siku ya kuolewa, hakuna mwenye nyingine na hakuna wa kuazima, na pale wanawake wanapoilaza mwanamume havuki. Mwanamke aliyeolewa akisikia wenzake wamepiga yowe la sinke, anaacha mtoto, anaacha chungu jikoni, anatoka. Ndivyo tulivyokuta mambo, na ndivyo yalivyo.

Kabato akashuka garini anajinyoosha. "Nani tena kampiga nani huko?" akasema, akasogea kusikiliza wimbo. Katikati ya ubeti akasikia jina lake. Akageuka, akarudi kwenye lori lake kwa mwendo wa haraka, akapandisha kioo, utadhani kioo kinazuia jina.

Wimbo ulikuwa wazi. Kabato, mwanamume wa magurudumu, alirudi safari jana hasira zimemjaa, akakuta kahawa haijachemka, akampiga mkewe Tusura kibao, na Tusura ni mzazi, hajatoka arobaini, bado ana kile kijiti anachovaa mzazi kipajini mpaka arobaini iishe. Mwanamke wa arobaini hapigwi. Hafokewi hata. Mwanamume mwingine angefuatwa nyumbani kwake. Lakini huyu ni dereva, kwa hiyo wanawake wa huko anakoishi, karibu na daraja, walimngojea njiani anakopita.

Badhaso naye akashuka, gabi, lile shuka zito la pamba, jeupe, begani. Alikuwa anatabasamu. "Abba Ganne! Leo umepata kazi. Sisi wanaume hatuwezi kusogea pale, lakini wewe unaijua lugha yao. Kawaambie watupishe, tuna mizigo."

Kabato akateremsha kioo kidole kimoja. "Ganne," akanong'ona. "Nenda kaseme nao. Waambie nitalipa, nitaomba msamaha, nitafanya watakalo, lakini baada ya safari. Viazi vyangu, ngano yako. Geti la kinu linafungwa jua likizama. Unajua."

"Najua."

"Basi nenda, dada yangu. Mimi ndiye niliyekushikisha usukani."

Ganne akaenda. Na nisimpake mafuta: alikwenda kwa ajili ya mzigo. Njia nzima mpaka kwenye zile fimbo alikuwa anahesabu mwendo kichwani, wapi ataweza kufidia muda, mlima upi ashushe gia. Upande wa mlima Chilalo wingu jeusi lilikuwa limeanza kujikusanya, wakati ambao hakuna mtu anaitarajia mvua.

Aliyewaongoza wanawake alikuwa bibi mmoja, Mama Shagu, mkavu kama kuni, amekaa juu ya jiwe la daraja. Ganne akainama akamsalimu kwa heshima. Akasalimiwa.

"Mama, nina mzigo wa watu," Ganne akasema.

"Tunauona. Mkubwa."

"Ni ngano ya kijiji kizima. Lazima ifike Adama leo."

"Mungu aifikishe. Wewe nani, mwanangu?"

"Ganne, wa Tulu Gora."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Ulipewa sinke?"

"Nilipewa."

"Basi unaniuliza nini?"

Wanawake wa karibu wakanyamaza kuimba, wanamwangalia ile suruali yake na mikono yenye grisi. Mmoja akamchokoza: "Huyu ndiye mwanamume wa Asella. Tumesikia habari zake. Ndevu zake ziko wapi?" Wakacheka. Ganne mwenyewe alitaka kucheka akashindwa, maana hapo ndipo macho yake yalipomwona Tusura.

Tusura alikuwa amekaa kando kwenye nyasi, mtoto ananyonya chini ya shuka. Shavu moja limevimba na jicho limekuwa dogo. Alikuwa amekula kwa Ganne, na Ganne alikuwa amekula kwake, tangu wote wawili walipoolewa na wale ndugu wawili. Ganne alimsogelea, hajui aanze na lipi. Tusura akatazama kule kwenye wingu, kisha akatazama lori la buluu.

"Ganne," akasema polepole, "ngano yako italowa."

Hayo tu. Hakusema ya shavu wala ya mume wake. Moyo wa Ganne ukapasuka palepale, nasema kweli, kwa sababu mwanamke aliyepigwa alikuwa anaionea huruma ngano, na yeye aliyekuwa mzima alikuwa ameionea huruma ngano hiyohiyo.

Akarudi kwenye lori. Badhaso alipomwona anakuja akasugua mikono. "Enhe! Nilijua. Wamekubali?" Ganne akapanda, akazima injini, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa kifurushi kirefu cha kitambaa, akakifungua. Ilikuwa sinke yake. Alikuwa akisafiri nayo tangu siku ya kwanza na hakuwahi kumwambia mtu.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Badhaso akauliza. Tabasamu lilikuwa linamtoka. "Abba Ganne! We! Unakwenda wapi?"

"Niite mama Rabiya," Ganne akasema.

Akaanza kurudi kwenye zile fimbo. Kule nyuma Kabato akateremsha kioo chote sasa, uso umempauka. "Ganne, usinifanyie hivyo. Shemeji. Gia nimekufundisha mimi!"

Ganne akasimama. Sauti yake ilisikika mpaka darajani. "Umenifundisha. Sitasahau. Na Tusura amekuzalia. Shuka, shemeji."

Akaenda akailaza sinke yake pamoja na za wengine, akakaa chini kwenye lami na wanawake. Vigelegele vilipigwa hapo mpaka ng'ombe kwenye mabua wakainua vichwa. Yule aliyemuulizia ndevu akamsogezea nafasi kwenye kanga yake. "Kaa hapa, lami ina baridi," akamwambia.

Kabato alikaa ndani ya lori muda mrefu. Mwisho akashuka. Alifungua mlango, akavua kofia, akang'oa nyasi mbichi pembeni ya mtaro, akazishika kwa mikono yote miwili kama anavyotakiwa kufanya mwenye kosa, akasimama mbali, kichwa chini. Mimi nilimchukia Kabato siku ile, lakini siwezi kusema hakushuka.

Wazee wakaitwa, wakaja juu ya farasi wao na mablanketi yao, na mkiwajua wazee wetu mnajua hawana haraka. Wakashuka, wakafunga farasi, wakauliza habari za mifugo. Wakakaa. Wakamsikiliza Mama Shagu, wakamsikiliza Tusura, wakamwacha Kabato azungumze, akazungumza machache. Jua lilikuwa linahama na lile wingu linashuka. Kila mara Ganne aliliangalia turubai lake, kisha akajilazimisha kuangalia mbele.

Badhaso akachoka kusubiri. Alikwenda akanong'ona na dereva wake. Ghafla lile lori jeupe likarudi nyuma, likakata kushoto, likaacha lami, likaingia kwenye shamba lililovunwa. Likapita juu ya mabua, mbali kidogo na wanawake, likavuka kijito pale kwenye maji machache, likatokea upande wa pili wa daraja, likapanda barabarani. Badhaso akatoa mkono dirishani akapunga.

Wanawake wengine wakasimama kwa hasira. "Amepita! Amepita!"

"Hajavuka sinke," mzee mmoja akasema, amechanganyikiwa. "Amezunguka."

Mama Shagu hata hakuinuka kwenye jiwe. "Kaeni," akasema. "Tumemwona."

Maneno yakaisha alasiri. Kabato akahukumiwa kutoa mtamba, naye akakubali bila kupunguza hata kwato. Akapiga magoti mbele ya Tusura na nyasi zake. Tusura alimwacha pale magotini kwa kitambo, akimtazama, na hakuna mtu aliyethubutu kumharakisha. Kisha akapokea zile nyasi. Wanawake wakainua sinke zao, wakaomba baraka: mvua kwa wakati wake, watoto, maziwa, amani ya nyumba. Mvua ikasikia nusu ya maneno hayo. Ikaanza palepale kwa matone makubwa.

Ganne alikimbia. Turubai lake lilikuwa dogo kwa shehena ile, na pembe moja mshono ulikuwa umeanza kuachia. Alipofika juu ya magunia alimkuta Kabato yuko upande wa pili, ameshavua turubai la lori lake mwenyewe, kubwa, zito, anamrushia ncha.

"Viazi vyako?" Ganne akamuuliza.

"Viazi vilitoka kwenye udongo. Vimezoea maji. Vuta huko!"

Wakavuta. Ganne akaondoka mvua inapiga kioo, na wanawake wamejipanga pande zote mbili za barabara, wameinua fimbo zao ili apite katikati.

Ngano ilifika Adama kavu. Hata gunia la pembeni halikuloa. Lakini geti lilikuwa limefungwa, na asubuhi yake mlinzi akamwambia ghala limejaa, shehena ya mwisho iliyopokelewa jana ilikuwa ya lori jeupe kutoka Bekoji. Arudi Jumamosi ya wiki ijayo. Ganne akamwonyesha ngano, akaichota kwa kiganja, akaomba. Mlinzi akasikitika naye lakini mlinzi hana ghala mfukoni. Walanguzi wa nje ya geti wakamzunguka, wakimtajia bei za kumcheka. Akawakatalia. Ngano haikuwa yake, hakuwa na haki ya kuitupa.

Kwa hiyo akageuza gari. Watu wasioendesha hawajui maana ya kurudi na shehena. Lori lililojaa huteremka, halipandi. Kila mtu njiani anajua: huyu amekataliwa. Pale Asella kwenye benchi la chai madereva walimwona anapita, magunia juu, na wengi wao waliangalia vikombe vyao. Ganne alishika usukani kwa mikono miwili. Alilia kidogo baada ya mji, akajifuta na kiwiko, akaendelea kupanda. Kichwani alikuwa anapanga maneno. Ataegesha karibu na ghala la Haji Gamada, hatazima injini. Atawaambia wapakiaji washushe. Atawaomba radhi wazee, kisha ataondoka na lori lake akatafute viazi vya kubeba, na Badhaso achukue ngano yake.

Na kweli, alipoingia Tulu Gora, malori ya Badhaso yalikuwa yameshapanga mstari kwenye uwanja, matupu, na wapakiaji wake wamekunja mikono ya mashati. Badhaso mwenyewe alikuwa amesimama na Haji Gamada na wanaume wa chama. Alipoliona lori la buluu na mzigo wake akafungua mikono.

"Nilisema itafika uji. Nilikosea. Haikufika kabisa!" Wapakiaji wake wakacheka. "Haji, mimi sina kinyongo. Yangu jana ilipokelewa, hata jua halijazama. Dereva wenu alikuwa amekaa barabarani anaimba. Makubaliano yalikuwaje?"

Haji Gamada ni mtu wa haki, na haki siku ile ilimkaa vibaya. Akamwangalia Ganne kule juu dirishani, akaangalia chini. "Makubaliano ni makubaliano," akasema. "Pakieni. Anzeni na kwangu."

Wapakiaji wakaenda kwa Haji. Wakasimama. Wakarudi nyuma hatua.

Halko, mke wa Haji Gamada, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ghala, miguu ameinyoosha, sinke imelala juu ya magoti yake. Huku kwetu ngano ikiwa shambani ni ya mwanamume, aringe nayo atakavyo. Ikishaingia ghalani ni ya mwanamke, na mume akitaka hata kibaba anaomba. Haji akaangalia nyumba ya pili, mlangoni kakaa mama mwenye nyumba na sinke yake. Ya tatu, vilevile. Mama Shagu hana simu, lakini wajukuu zake wanazo, na habari za lori jeupe zilikuwa zimefika Tulu Gora kabla Ganne hajaamka Adama.

"Halko," Haji akasema kwa upole, "tupishe, mke wangu, watu wamekuja kupakia."

"Watu gani?"

Badhaso akasogea, akatafuta ule ulimi wake wa samli. "Mama Haji, nisikilizeni. Mimi naheshimu sinke. Mama yangu alikuwa nayo. Sikuvuka! Waulizeni wazee. Nilizunguka tu."

"Ndiyo, ulizunguka," Halko akasema. "Zunguka na hapa. Kule nyuma kuna ukuta."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaingia kwa wanaume, na mwisho hata wapakiaji wa Badhaso mwenyewe walikuwa wamegeuka wanajishika mbavu. Badhaso aliwatazama wanaume wa chama mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Nani angesema mbele ya mkewe kwamba yeye angepita? Akaingia kwenye lori lake, na malori yake yakatoka uwanjani matupu, yanarukaruka kwenye mashimo.

Haji Gamada akakuna ndevu. Alikuwa amefurahi na hakutaka ionekane. "Haya," akasema, "mmefunga maghala. Na ngano je? Itakwenda Adama kwa miguu?"

"Kwani lori letu si lile pale?" Halko akanyoosha sinke yake kuelekea Isuzu la buluu. "Limetoka mbali, limechoka. Jumamosi litateremka."

Ganne alilisikia lile neno kutoka dirishani, na kutoka kizingiti hadi kizingiti akasikia wanawake wanalirudia, lori letu, lori letu, kana kwamba wamelipanda wote. Maneno yake yote aliyoyapanga toka Asella yakapotea. Akanyoosha mkono akazima injini, akafungua mlango, akateremka katikati ya kijiji chake, na Abdela akaja na kibuyu cha maziwa akampa anywe mbele ya watu wote.